Ivan Dixon: sauti iliyotoka handakini

Chini ya sakafu ya bweni la mateka wa vita kuna handaki, na ndani ya handaki kuna mtambo wa redio. Sajini mmoja amekaa mbele yake, visikizio vimemziba masikio. Anashika kipaza sauti, anaikaza sauti yake mpaka inakuwa ya ofisa wa Kijerumani aliyekasirishwa, kisha anatoa amri. Upande wa pili wa waya, ofisa mwingine anasimama wima kupokea maagizo ya mkubwa wake. Hajui kwamba mkubwa huyo ni mfungwa wa Kimarekani, tena mtu mweusi. Waya haubebi rangi ya ngozi.

Sajini huyo aliitwa Kinchloe, wenzake wakimkata jina na kumwita Kinch, katika Hogan's Heroes, mfululizo wa vichekesho juu ya mateka wa Vita vya Pili vya Dunia ulioanza kuonyeshwa na kituo cha televisheni cha CBS nchini Marekani tarehe 17 Septemba 1965. Aliyemwigiza ni Ivan Dixon. Wengi wanaomkumbuka Dixon wanamkumbuka kwa kazi hiyo, na hapo ndipo lilipo fundo ninalotaka kulifungua. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa mhusika mkuu wa Nothing But a Man, filamu iliyopelekwa tamasha la Venice na ambayo, kwa macho yangu, ina uigizaji bora kuliko karibu kila kitu kilichotoka Hollywood mwaka ule. Mtu wa kiwango hicho aliingiaje handakini? Na kwa nini, baada ya misimu mitano ya mshahara wa uhakika, alitoka mwenyewe wakati kipindi bado kinaendelea?

Jibu la haraka ni ubaguzi wa rangi, na ni jibu la kweli. Lakini ubaguzi haukuelea hewani. Ulikuwa na njia zake: mikataba, wadhamini wa matangazo, kanuni za maadili za studio, vituo vya mikoani, wasambazaji wa filamu. Maisha ya Dixon yanazionyesha njia hizo vizuri kuliko maisha ya nyota mkubwa. Nyota huruka ukuta. Dixon aliupapasa wote, kona hadi kona, akitafuta mlango.

Kutoka Harlem hadi kwa Asagai

Alizaliwa Harlem, New York, tarehe 6 Aprili 1931. Baba yake alikuwa na duka la vyakula. Mtaa aliokulia, Barabara ya 150 upande wa magharibi, ulipata kukaliwa pia na mwandishi Ralph Ellison na mwimbaji Josh White, kwa hiyo mtoto huyu hakuhitaji kuelezwa kwamba sanaa ni kazi ya watu kama yeye. Sekondari aliimalizia kule Kusini, katika jimbo la North Carolina, kisha akasomea tamthilia mjini Durham, kwenye chuo cha watu weusi ambacho leo kinaitwa North Carolina Central University. Alihitimu 1954.

Kijana mweusi aliyetaka kujifunza uigizaji wakati ule hakuwa na milango mingi ya kubisha. Kulikuwa na vyuo vya namna hiyo vya Kusini, na kulikuwa na kumbi chache mijini zilizompokea bila kumpa ufagio ashike. Mmojawapo, ulioko Cleveland, unaitwa Karamu. Ndiyo, ni neno letu. Wenye ukumbi walilichukua kutoka Kiswahili wakitaka jina la mahali ambapo watu wa rangi zote hukusanyika kwa furaha, na kizazi kizima cha waigizaji weusi kilipita pale. Nalitaja hili kwa sababu watu wa kizazi cha Dixon walikuwa wakiitazama Afrika kwa makini sana, nayo Afrika ikawa sehemu ya kazi yao kwa namna mbili zinazogongana.

Namna ya kwanza ilimfikia mwaka 1957. Studio ya MGM ilitoa filamu ya Something of Value, iliyoongozwa na Richard Brooks na kupigwa kwa sehemu nchini Kenya, juu ya vita vya Mau Mau. Hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa; Dedan Kimathi alikuwa amenyongwa Februari ya mwaka huohuo. Sidney Poitier aliigiza Kimani, kijana wa Kikikuyu anayeingia msituni. Mpuerto Rico Juano Hernandez aliigiza Njogu, mwapishaji wa kiapo. Na Ivan Dixon, akiwa na miaka 26, alipewa Lathela: mbeba bunduki na mfuata nyayo wa mwindaji mzungu, mtumishi mwaminifu asiyekula kiapo.

Kwa msomaji wa Nairobi au Nyeri, mgawanyo huo wa wahusika unasema mengi. Vita vya watu kuhusu ardhi yao viligeuzwa hadithi ya urafiki uliovunjika kati ya mzungu na Mwafrika, na Mwafrika mwema ndani yake akawa yule aliyebeba bunduki ya mwenzake. Dixon aliifanya kazi hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Namna ya pili ilikuja miaka miwili baadaye. Tarehe 11 Machi 1959, katika ukumbi wa Ethel Barrymore mjini New York, ilifunguliwa tamthilia ya Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun. Hansberry alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuandika tamthilia ikachezwa Broadway. Dixon alipewa Joseph Asagai, mwanafunzi wa Kinigeria aliyeko Chicago anayempenda Beneatha, binti wa familia ya Younger. Asagai anamletea Beneatha vazi la kwao, anampa jina la Kiyoruba, na msichana anapokata tamaa kwa sababu fedha za familia zimepotea, ni yeye anayemweleza kwa nini mtu huendelea kuidai nchi yake hata akijua uhuru utakuja na wezi na wajinga wake. Hayo yalisemwa jukwaani mwaka mmoja kabla ya Nigeria kupata uhuru.

Jaribu kufikiri umekuwa Lathela mwaka 1957, halafu umekuwa Asagai mwaka 1959. Mwigizaji ni yuleyule, bara ni lilelile. Kilichobadilika ni mtu aliyeshika kalamu. Tamthilia ile ilichezwa mara 530, na Dixon alirudia nafasi yake katika filamu yake ya 1961. Sioni ajabu kwamba mtu aliyepitia hayo mawili mfululizo alimaliza maisha yake ya kazi akitafuta namna ya kuwa upande wa wenye maamuzi.

Jinsi riziki ya mwigizaji ilivyopatikana

Hapa inabidi nisimame nieleze mfumo, maana bila huo maisha ya Dixon yanaonekana kama kuruka matawi.

Mpaka mwisho wa miaka ya 1940, studio kubwa za Hollywood zilimiliki kila kitu: waigizaji kwa mikataba ya miaka mingi, kamera, na hata majumba ya sinema. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi ya Paramount na wenzake, na studio zikalazimika kuachana na majumba hayo. Bila soko la uhakika, hazikuweza tena kuwalisha waigizaji kwa mwezi. Wakati huohuo televisheni ilikuwa ikiingia sebuleni kwa kasi ya kutisha: mwaka 1950 takriban asilimia 9 ya nyumba za Marekani zilikuwa nayo, na kufikia 1960 ni karibu asilimia 90. Kwa hiyo mwigizaji aliyeanza kazi miaka ya 1950 hakuajiriwa na mtu. Aliishi kwa kuokota: tamthilia jioni, siku tatu kwenye filamu, wiki moja kama mgeni katika kipindi cha televisheni.

Kwa mwigizaji mzungu, televisheni ilizidisha vibarua. Kwa mweusi ilikuja na kufuli lake. Filamu huuzwa kwa mtazamaji mmojammoja anayelipa kiingilio. Kipindi cha televisheni huuzwa kwanza kwa kampuni yenye sabuni au chuma cha kutangaza. Kampuni hiyo iliogopa kulaumiwa Kusini, na vituo vya Kusini vilikuwa na uwezo wa kukataa kurusha kipindi. Nat King Cole, mwenye mojawapo ya sauti zilizopendwa kuliko zote nchini, alipewa kipindi chake na NBC mwaka 1956. Kikafa mwishoni mwa 1957 kwa kukosa mdhamini wa taifa zima. Mwandishi Rod Serling alipotaka kuandika tamthilia iliyotokana na mauaji ya kijana mweusi Emmett Till, mdhamini na watu wake waliibadilisha mpaka mweusi akatoweka kabisa ndani ya hadithi.

Serling hakusahau. Alipopata mfululizo wake mwenyewe, The Twilight Zone, alimwita Ivan Dixon. Sehemu iliyorushwa tarehe 8 Aprili 1960 inahusu Bolie Jackson, bondia aliyechoka, na mtoto wa jirani anayeamini kwamba akitamani kwa nguvu zote Bolie atashinda. Waigizaji karibu wote ni weusi, na hadithi haizungumzii rangi hata kidogo. Inazungumzia mtu mzima aliyeshindwa kuamini miujiza kwa sababu maisha yamempiga sana. Mtazame Dixon akijikagua usoni kwenye kioo kabla ya pambano, akihesabu makovu na kutaja kila moja lilitoka pambano gani. Hapandishi sauti. Kipaji chake chote kimo mle: uso uliotulia ambao ndani yake unaona mtu akifanya hesabu.

Kwenye filamu kufuli lilikuwa la aina nyingine. Studio ziliamini kwamba soko linaweza kumbeba mwanamume mweusi mmoja tu kwa wakati, na huyo alikuwa Poitier. Mwaka 1958, katika The Defiant Ones, Dixon alikuwa ndiye anayechukua nafasi ya Poitier kwenye vitendo vya hatari. Kwa maneno mengine, alikuwa mgongo wa Poitier kamera isipotaka kuona uso. Mwaka 1965, katika A Patch of Blue, aliigiza kaka wa Poitier. Walikuwa marafiki, na sijaona dalili ya wivu kati yao. Lakini mfumo ulikuwa umeweka kiti kimoja, na kiti kilikuwa na mwenyewe.

Duff Anderson

Kwa hiyo Nothing But a Man haikutoka Hollywood. Michael Roemer, mkimbizi wa Kiyahudi aliyeondolewa Ujerumani akiwa mtoto, na mwenzake Robert Young walizunguka majimbo ya Kusini wakisikiliza watu, wakaandika hadithi, wakatafuta fedha nje ya studio. Hadithi inatokea Alabama, lakini kupiga picha Alabama mwaka 1963, timu ya weusi na wazungu pamoja, ilikuwa kujitafutia kifo. Walipiga New Jersey.

Duff Anderson ni kibarua wa reli. Anasafiri na genge la wenzake, analala kwenye behewa, analipwa vizuri kwa kipimo cha mweusi wa Kusini kwa sababu hakai mahali pamoja. Anakutana na Josie, mwalimu, binti wa mchungaji. Anayemwigiza ni mwimbaji Abbey Lincoln. Wanaoana. Kuoana maana yake ni kukaa mjini, na kukaa mjini maana yake ni kazi ya kiwanda cha kupasua mbao chini ya wazungu wanaotaka awachekee. Duff anawaambia wenzake wasimame pamoja, mmoja wao anapeleka maneno, anafukuzwa. Anapata kazi kituo cha mafuta, wateja wanamtisha, anafukuzwa tena. Anamgeukia mkewe mjamzito kwa hasira isiyomhusu. Anaondoka kwenda Birmingham kwa baba yake mlevi, anamwona baba akifa, na baada ya hapo anamchukua mwanawe wa zamani, aliyekuwa amemtelekeza kwa mlezi, anarudi naye kwa Josie.

Ukiisimulia hivyo inasikika kama mkasa wa kawaida. Ili uone ni nini kilikuwa kipya, kumbuka kwamba kanuni za maadili za studio zilikataza mpaka 1956 kuonyesha mapenzi kati ya mweusi na mzungu, na baada ya katazo hilo kuondolewa hofu ilibaki. Nyota mweusi hakuruhusiwa kumpenda mzungu, na hadithi za mapenzi ya weusi watupu studio hazikuzitengeneza ila mara chache. Matokeo yake mwanamume mweusi wa sinema alikuwa mtu asiye na chumba cha kulala: mwema, mwenye busara, msaada kwa wazungu wenye shida, halafu hatujui usiku analala wapi. Duff ana chumba. Ana mke anayembishia. Ana mtoto aliyemkosea. Ni mkorofi, na ana haki ya kuwa mkorofi.

Tena filamu haimpi hotuba. Mchungaji, baba yake Josie, anamshauri aishi kwa akili, maana yake ainame kidogo apate kula. Dixon anamsikiliza kwa adabu ya mkwe, na unaona taya likikaza. Kuna wakati mzee wa kizungu anamtisha, na Duff anamtazama tu, bila kujibu na bila kushusha macho. Uigizaji wa namna hiyo haukatwi vipande vya kuonyeshwa kwenye sherehe za tuzo. Tuzo kubwa ya Hollywood mwaka ule wa 1964 ilikwenda kwa Poitier, mweusi wa kwanza kushinda kama mwigizaji kiongozi wa kiume, kwa nafasi ya fundi mpole anayewajengea masista kanisa. Nafurahi aliipata. Lakini ukiziangalia filamu hizo mbili siku moja, utaelewa ni mweusi yupi Marekani ilikuwa tayari kumpigia makofi.

Filamu ilisifiwa Venice, ikaonyeshwa kwenye majumba machache, haikuleta fedha. Mwaka 1966, kwenye tamasha la kwanza la sanaa za watu weusi duniani lililofanyika Dakar, Dixon alituzwa kwa nafasi hiyo. Kwao ilibidi wasubiri mpaka 1993, Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoiingiza katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa.

Misimu mitano ya mateka

Sasa handaki linaeleweka. Mwanamume wa miaka 34, mwenye familia, ameigiza vizuri kuliko wenzake wengi na simu haiiti. Linakuja pendekezo la kazi ya kila wiki.

Wala kazi yenyewe haikuwa ndogo kwa wakati ule. Siku mbili kabla ya Hogan's Heroes kuanza, NBC ilianza kuonyesha I Spy, ambamo Bill Cosby alikuwa mweusi wa kwanza kushirikiana nafasi ya juu na mzungu katika tamthilia ya mfululizo. Yaani juma moja la Septemba 1965 lilileta wanaume weusi wawili wenye akili na ujuzi, kila wiki, kwenye vituo viwili vikubwa. Kinch ni fundi wa mitambo, anajua kubadili sauti, na Kanali Hogan, kiongozi wa mateka, humkabidhi uongozi pale anapoondoka. Jeshi halisi la Marekani katika vita vile lilikuwa limewatenga weusi. Utengano huo uliamriwa uondolewe 1948 tu. Jambo linaloumiza ni kwamba marubani weusi waliotunguliwa Ulaya waliwekwa na Wajerumani kambi moja na wazungu wenzao. Walikuta mchanganyiko gerezani kwa adui kabla ya kuukuta kwenye jeshi lao.

Lakini ukitazama sehemu kumi mfululizo unaona ukuta. Kinch anapokea habari, anazisoma kwa sauti, anampa Hogan, kisha hadithi inaondoka handakini na kumwacha pale. Wenzake hupewa wapenzi, mbwembwe na vichekesho. Yeye hupewa taarifa. Hana kosa, na mhusika asiye na kosa hana hadithi. Binti yake alieleza baadaye kwamba baba alikuwa na dukuduku na nafasi ile, ingawa alitambua uzito wake kwa wakati ule na kwamba ndiyo iliyomfungulia njia ya kuongoza.

Kulikuwa na suala la fedha pia, na linaelezwa mara chache. Watu hudhani mwigizaji wa kipindi kinachorudiwa miaka nenda rudi anatajirika. Chini ya mikataba ya chama cha waigizaji ya wakati huo, malipo ya marudio yalikuwa na kikomo: kipindi kikisharudiwa idadi fulani ya mara, mwigizaji hapati kitu tena. Kikomo hicho kiliondolewa kwa mkataba wa 1974, baada ya Hogan's Heroes kwisha. Sehemu 168 za mfululizo huo zimezunguka dunia kwa miongo, zikimwingizia mwenye haki, na mwenye haki hakuwa yule aliyevaa visikizio.

Mwaka 1967 Dixon alipata upenyo mmoja. CBS ilirusha tamthilia ya Ronald Ribman, The Final War of Olly Winter, ambamo aliigiza sajini mkongwe anayetembea msituni Vietnam na msichana wasiyeelewana lugha. Aliteuliwa kugombea Emmy, tuzo kubwa ya televisheni. Kisha akarudi handakini, na mwaka 1970, msimu wa tano ulipokwisha, hakurudi tena. Nafasi ya mweusi katika msimu wa sita ilijazwa na mwigizaji mwingine, Kenneth Washington, na watunzi hawakujisumbua hata kuwaeleza watazamaji Kinch kaenda wapi.

Upande wa pili wa kamera

Muongozaji wa televisheni ni kibarua kama mwigizaji, lakini ni kibarua chenye funguo. Anapokea mswada, anakabidhiwa waigizaji ambao tayari wanajua wahusika wao, na kwa kipindi cha saa moja anapewa takriban wiki moja kupiga picha zote. Akichelewa siku moja, fedha zinamwagika na haitwi tena. Akimaliza kwa wakati na picha zikaungana vizuri, jina lake linapita kwa watayarishaji kama jina la fundi mzuri wa magari. Dixon alianza na kipindi cha Cosby mwaka 1970, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliitwa tena na tena: The Waltons, The Rockford Files, Magnum, P.I., The A-Team na vingine vingi. Wamarekani weupe waliokuwa wakitazama The Waltons, familia ya mlimani Virginia, ikitakiana usiku mwema hawakujua kwamba baadhi ya sehemu hizo zilipangwa na mtoto wa Harlem.

Kwenye filamu, dirisha lilikuwa limefunguka ghafla. Filamu za 1971 zenye mashujaa weusi ziliingiza fedha nyingi, na studio zilizokuwa zikichechemea zikagundua kwamba weusi wa mijini nao hununua tiketi. Dixon aliongoza Trouble Man mwaka 1972, ambayo leo inakumbukwa zaidi kwa muziki wa Marvin Gaye. Kisha akaifanya ile aliyoitaka.

Sam Greenlee alikuwa amefanya kazi nje ya nchi kwa idara ya habari ya serikali ya Marekani, akashuhudia mapinduzi ya Baghdad ya 1958. Riwaya yake, The Spook Who Sat by the Door, ilikataliwa na wachapishaji wa kwao mpaka ikatoka London mwaka 1969. Inasimulia habari za Dan Freeman, mweusi wa kwanza kuajiriwa na CIA, aliyewekwa pale ili wageni wamwone, kazi yake ikiwa kutoa nakala za karatasi. Freeman anajifunza kila anachofundishwa, anaacha kazi kwa heshima, anarudi Chicago na kuwafundisha vijana wa genge vita vya msituni katikati ya jiji.

Dixon na Greenlee walichangisha fedha kwa weusi wenye uwezo, fedha zikaisha kabla ya filamu. Ndipo walipowaonyesha United Artists vipande vya mapigano peke yake, na kampuni, ikidhani inanunua filamu ya risasi kama nyingine za msimu ule, ikatoa fedha za kumalizia. Chicago haikuwa mahali pa kupata kibali, kwa hiyo sehemu kubwa ilipigwa Gary, Indiana, ambako meya Richard Hatcher, mmoja wa mameya weusi wa kwanza wa mji mkubwa nchini, aliwafungulia mji. Muziki alitunga Herbie Hancock.

Ilipoonyeshwa 1973 watu walijaa, na baada ya muda mfupi ikaondolewa kwenye majumba ya sinema. Greenlee alisema mpaka kufa kwake kwamba FBI iliwatisha wenye majumba. Hata ukiliweka hilo pembeni, linabaki somo la jinsi filamu inavyozikwa bila kupigwa marufuku: msambazaji akiacha kupeleka nakala, basi. Hakuna hati ya mahakama, hakuna tangazo la serikali. Nakala zilipotea, na iliyosalia ilifichwa ghalani kwa jina lingine. Kwa miaka thelathini watu waliiona kwa kanda za video za kurudufu, mkono kwa mkono, hadi mwigizaji Tim Reid alipoitoa rasmi kwa DVD mwaka 2004. Mwaka 2012 nayo iliingizwa katika ile orodha ya Maktaba ya Bunge. Kwa hiyo mtu mmoja ana filamu mbili humo, moja akiwa mbele ya kamera na nyingine akiwa nyuma yake, na zote mbili zilipotoka hazikupata watazamaji ziliostahili.

Hakupewa tena filamu kubwa ya sinema kuiongoza. Mwaka 1976 aliigiza Lonnie katika Car Wash, mfungwa wa zamani anayesimamia kituo cha kuosha magari na kubembeleza vijana wasiharibikiwe. Kuna tukio mwishoni, kijana mwenye bastola analia mikononi mwake, na ndani ya kichekesho cha sabuni na maji yule Duff wa Alabama anarudi kwa dakika mbili: taya lilelile, macho yaleyale yasiyoshuka.

Aliendelea na televisheni mpaka mwanzo wa miaka ya 1990, kisha akahamia Maui, katika visiwa vya Hawaii. Huko alinunua kituo cha redio, KONI, akakiendesha yeye mwenyewe. Mwaka 2001 afya ilimrudisha bara, mwaka uliofuata akakiuza, na tarehe 16 Machi 2008 alifariki mjini Charlotte, North Carolina, akiwa na umri wa miaka 76. Magazeti mengi yaliyotoa tanzia yaliweka picha ya Kinch na visikizio vyake, mbele ya ule mtambo wa mbao wa studio ambao haukuwahi kunasa mawimbi ya aina yoyote. Ule wa Maui ulirusha kweli, na leseni ilikuwa yake.